Ukuta Ulioinama kwa Makusudi

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Mkaguzi wa majengo kaipiga nyumba yangu X nyekundu! Eti ukuta wa mbele umelala, utaua mtu. Ijumaa wanabomoa. Umelalaje? Niliulinganisha na nguzo ya umeme. Kumbe nguzo yenyewe imeinama kuelekea Moshi. Jirani yangu Sifael, fundi mstaafu, kacheka mpaka kofia ikadondoka. Eti nyumba yangu inarukuu bila imamu. Mlutheri huyu rukuu kaijulia wapi? Mwaka jana alitaka kuniazima timazi yake. Nikakataa. Uzi wenye kipande cha chuma! Mimi nina macho.
Mke wangu Faudhia kahamia kwa dada yake. Harudi hadi ukuta usimame wima. Nimebaki na paka. Naye analala nje.

Jumanne, 3 Agosti
Nimeokoka! Ndani ya kiatu cha mtumba nimekuta ukurasa wa jarida la Ulaya. Picha: jengo limepinda kuliko langu! Kuta zinakimbiana, paa limechomoza kama jino bovu. Binti yangu Salwa, anayefanya kazi shamba la maua Usa River na anajua Kiingereza, kanisomea. Eti wasanifu wa huko wamechoka na unyoofu. Wanavunjavunja umbo makusudi, jengo lionekane linaanguka na lisianguke. Mtindo! Akaongeza habari za wahandisi na vyuma. Nilishatoka mbio.

Jumatano, 4 Agosti
Kazi! Dirisha nimeling'oa, nimelirudisha mshazari. Mlango nimeuinamisha, sasa naingia kwa bega. Sifael kauliza dirisha limenikosea nini. Nikamwambia akae na unyoofu wake wa kizamani, nchi imefunguliwa.

Ijumaa, 6 Agosti
Mkaguzi kaja na vijana wanne na nyundo. Nikamwonyesha picha. Kaitazama, kaigeuza, kainamisha shingo. Akasema vizuri mzee wangu, mchoro uko wapi? Hawa wamepinda kwa hesabu, wewe umepinda kwa nguzo. Wakauangusha ukuta. Paa likabaki linaning'inia.
Sifael kaniletea timazi. Hakucheka. Hilo ndilo lililouma.

Jumamosi, 7 Agosti
Mzungu wa kupanda Mlima Meru kasimama mbele ya kifusi, kapiga picha tatu! Nikachomoa ukurasa wangu, nikalinganisha. Wallahi ndiyo hiyo hiyo, mpaka jino la paa! Mkaguzi kanijengea Ulaya na hajui.
Faudhia alitaka ukuta usimame wima. Sasa ukuta haupo. Ugomvi wa nini tena?
Timazi paka anaichezea. Limebaki jiko la uani tu, limenyooka mpaka linatia aibu. Rangi nyekundu ninayo. Kesho nalipiga X mwenyewe.