Nusu Saa ya Piano

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa piano ametangaza: Jumamosi atachagua mtu mmoja wa kupiga na bendi yake ya jazi. Mimi au Fundi Saa. Fundi Saa! Mtu anayeshinda kibandani akichokonoa saa mbovu! Nafasi hii nimeisubiri miaka sita. Nikipata nusu saa tu kwa siku, nitamgaragaza.

Nimetoka kazini nikiwaka. Kinanda kiko sebuleni. Mama mkwe naye yuko sebuleni, na tamthilia yake. Nimechomoa waya nyuma ya televisheni, nikasema imeungua. Akasema heri basi, tuzungumze. Tumezungumza hadi chakula cha jioni. Kuhusu magoti yake.

Jumanne, 4 Machi
Ujanja mpya. Nimechora vibonye vya piano kwenye karatasi ndefu, nikaibandika juu ya meza yangu pale masijala. Vidole vikawa vinakimbia. Bosi katokea kama mzuka! Akauliza ni nini hiki. Nikasema ni mfumo mpya wa kupanga majalada: vyeupe ni yaliyo wazi, vyeusi ni yaliyofungwa. Akaupenda! Nimeshinda nikiwafundisha makarani wenzangu mfumo nisiouelewa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia bosi jino linaniua, aniruhusu niende kwa daktari. Nia yangu: ukumbi wa mwalimu, wenye piano halisi, mchana hauna mtu. Bosi akanihurumia, kwa bahati mbaya. Kanipeleka mwenyewe kwa gari lake, kakaa nami hadi nikaitwa. Daktari akachungulia, akasema nimefanya vyema kuwahi. Gego la chini, limeoza kimyakimya. Limeng'olewa. Hata uongo wangu una bahati kuliko mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Shavu kama mpira. Mke wangu karudi kutoka duka la dawa anakouza, kanikuta nachora ratiba ya mazoezi kwa kalamu za rangi. Akauliza mara ya mwisho nimepiga lini. Nikasema suala si kupiga, suala ni muda.

Akasema taratibu, “Mume wangu, huko kutafuta muda ndiko kunakoumaliza muda wako.”

Kisha akaosha vyombo. Ilikuwa zamu yangu. Maskini, hana sikio la jazi.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi Saa kapiga. Polepole, bila mbwembwe. Mpiga ngoma wa bendi akafumba macho. Nilidhani amelala. Hakuwa amelala.

Zamu yangu. Mkono wa kulia ukaanza vizuri, wa kushoto ukashika njia yake. Mwalimu, ambaye kila siku hutuambia katika jazi hakuna kosa, akaniomba niache.

Nje nikambana Fundi Saa anipe siri. Akasema hupiga dakika kumi kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Basi. Mwongo mkubwa! Nimerudi nyumbani kwa miguu, kupitia vichochoro, nisikutane na mtu akayaona machozi yangu.

Jumapili, 9 Machi
Wote wamekwenda kwa shemeji. Nyumba kimya tangu saa tatu asubuhi. Kinanda kiko wazi mbele yangu. Nimeketi, nikamwandikia mwalimu barua ya malalamiko kuhusu mazingira magumu ninayofanyia mazoezi. Ya kwanza ilikuwa kali mno. Ya pili ilinyenyekea mno. Ya tano imekaa sawa.

Saa kumi na moja jioni. Nawasikia mlangoni, mama mkwe anazilaani ngazi. Haya! Mtu atafanya mazoezi saa ngapi katika nyumba kama hii?