Mume Wangu Amesafishwa Kupita Kiasi

Adelaide, Jumatano

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni Lorna Treweek, mke wa Des, fundi wenu anayechora nyaya nyembamba kuliko unywele kwenye vibati vya kompyuta, katika kile chumba cha kituoni kwenu kisichotakiwa kuwa na vumbi. Mlinichukulia mume wa kawaida, mwenye grisi kwenye kucha. Baada ya miaka kumi na tisa mmenirudishia mtu ninayemwogopa. Jumamosi mjukuu wetu Tilly anatimiza miaka sita na sherehe iko hatarini, kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mlangoni pangu pana zulia la gundi, kama lenu, la kunasa uchafu wa viatu. Limeshanasa soli ya mchungaji na, kwa robo saa nzima, mbwa.

2. Tilly ametaka lamington, na lamington bila nazi ni keki tu iliyochovywa kwenye chokoleti. Des amezipiga marufuku. "Lorna mpenzi, kila kipande kinamwaga chembe elfu hamsini!" Nikamwuliza nani amezihesabu. Kumbe alikuwa amezihesabu.

3. Watoto kumi na wawili walioalikwa amewapangia kuingia wawili wawili, na vifuniko vya nywele, na marufuku kukimbia kwa sababu kukimbia kunatimua vumbi. Mama wawili wameshapata udhuru. Tilly ananiuliza kama kuna mtu atakuja, na inaniuma.

4. Hili naliandika kwa aibu. Kwenu watu huvaa kuanzia kichwani kushuka chini, ili vumbi la juu lisiangukie nguo safi. Sawa. Lakini Des sasa huvaa hivyo hata nyumbani, na Jumapili jirani yetu Bi Kostadinka alipiga hodi wakati Des amefika kwenye tai. Akaenda kumfungulia. Kofia ilikuwa imekaa vizuri sana. Yaliyobaki Bi Kostadinka ameyasimulia kanisa zima.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Ijumaa mumchafue. Kama hamna uchafu nitaleta wangu. Mkishindwa, mfukuzeni. Mkishindwa na hilo, fungeni kituo.

Unisalimie wote humo ndani, hata wale ambao kwa barakoa zile hamjuani.

Ni mimi, mwenye nazi kwenye nywele,
Lorna Treweek

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha Tilly amepita akitoka shule, na Des amemkabidhi zawadi yake mapema. Ni kibati cheusi, kidogo kama ukucha, na juu yake amechora jina la mtoto kwa herufi ambazo zote kwa pamoja hazifikii upana wa unywele. "Bibi, huoni? Nipo hapa!" Sikuona kitu, nikalia. Tafadhali msimfukuze. Naomba kuazima hadubini hadi Jumapili, na vifuniko vya nywele kumi na vinne, kimoja cha kichwa kikubwa, yaani changu. Lamington zitaliwa uani. Mbwa nimeshamtoa nje mwenyewe, maana anatimua vumbi.