Maputo Yaliyogoma Kupaa Siku ya Kuniaga

Kwa Mkurugenzi,
Ghorofa ya Tatu, mlango wenye zulia.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAPUTO THELATHINI YALIYOLALA SAKAFUNI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi hali yangu ni ya wastani, na sababu ya uwastani huo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni yule karani wa masjala uliyemuaga Ijumaa iliyopita, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea, kusajili na kuhifadhi barua za ofisi yako. Wafanyakazi huniita Mzee Taratibu. Wengine husema ni kwa ajili ya kufuata taratibu, wengine husema ni kwa ajili ya mwendo wangu. Yote nimeyapokea kwa moyo mkunjufu. Lililonishinda kulipokea ni hili la maputo, nami nalieleza kama ifuatavyo:

1. Siku ya Jumatano, katika ukumbi uleule wa mikutano, Naibu wako alisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Maputo yake yalipaa yakagusa dari, hata fundi umeme akaitwa kuzima feni yasije yakakatwa vichwa. Siku ya Ijumaa niliingia mimi, nimevaa suti, mke wangu kulia na mama mkwe wangu kushoto. Maputo yangu yalikuwa sakafuni. Tuliyapita kwa kuyasukuma na miguu, kama watu wanaovuka shamba la matikiti. Mama mkwe alisimama, akatazama chini, akatazama juu, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo hata wewe uliisikia: "Mkwe wangu, huku ndiko ulikokuwa unawahi asubuhi zote zile?" Mke wangu aliinama akaokota puto moja, akalipangusa vumbi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

2. Ulipofika kwenye maneno "mchango wake hautasahaulika", ulisogea mbele ukakanyaga puto. Lilipolia pwaa, watu walidhani hotuba imekwisha, wakapiga makofi na kukimbilia soda. Mpaka leo sijui mchango wangu ulikuwa upi.

3. Sikukurupuka kulalamika, nilifanya utafiti. Dereva wa ofisi alinieleza hivi: "Mzee, ya Naibu yalijazwa gesi ya mtungi. Ile ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hewa inaisukuma juu. Yako tuliyapuliza kwa mdomo. Pumzi ni hewa tu, tena imebanwa, na mpira nao una uzito wake. Yatapaaje?" Maelezo hayo ni mazuri, lakini ni ya dereva. Mimi nikauliza swali ambalo yeye hakuuliza: pumzi za nani? Nimethibitisha kwamba dada wa mapokezi alipuliza kumi na mawili huku akisonya kila baada ya moja. Mhasibu alipuliza matano akizungumza na simu. Ndugu Mkurugenzi, puto lililojazwa msonyo litapata wapi nguvu ya kupaa?

4. Ili nisimwonee mtu, nililipuliza moja mwenyewe nyumbani, nikiwa nimeketi, kwa moyo safi, nikiwawazia mema watu wote wa ofisi yako. Nikaliachia. Likaanguka. Mke wangu akasema, "Mume wangu, una kinyongo." Nikampa lake apulize. Likaanguka haraka kuliko langu. Tangu hapo mazungumzo yetu yamekuwa ya kuombana chumvi. Kisha mama mkwe akapuliza la kwake, mgongo ukiwa dirishani, na upepo ukalinyanyua mpaka juu ya kabati. Basi nyumba imemtangaza mtakatifu. Hafui, haoshi kikombe, na jana alinihamisha kwenye kiti changu kwa sababu, alisema, mtu mwenye pumzi nzito akae karibu na mlango.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu yafuatayo: kwanza, nirudishwe kazini kwa siku moja tu, ili nistaafishwe upya na ipasavyo. Pili, safari hii maputo yapulizwe na wewe mwenyewe, mbele ya mashahidi, tujue ukweli wa moyo wako. Tatu, pakikosekana gesi ya kutosha watu wote, basi kila puto la Naibu lifungwe jiwe, ili usawa upatikane hata kama ni usawa wa sakafuni.

Nisalimie wote wa ghorofa zote. Mhasibu mwambie simu ile ikatwe. Dada wa mapokezi mwambie nimemsamehe maputo saba. Matano bado nayafikiria. Naibu mpe hongera ya kuongeza umri. Mke wangu anakusalimu, kwa maandishi.

Wako mtiifu, aliyeagwa nusu,
Karani Mkuu wa Masjala (Mstaafu)

N.B. Nikiwa nalamba bahasha, tarishi wako amebisha hodi na karatasi ambayo karani mpya ameikuta masjala. Ni barua yako ya mwezi jana kwenda bohari, ukiomba mtungi wa pili, mkubwa kuliko wa Naibu, "kwa ajili ya kumuaga mtumishi tunayempenda, ambaye kwa sasa hatumtaji ili asishtuke." Juu yake pamegongwa muhuri na kuandikwa kwa wino mwekundu: "Irudishwe. Mtumishi hajatajwa jina." Saini ni yangu. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimegeukia ukuta ili tarishi asinione macho. Nakuomba uyafute malalamiko yote hapo juu. Lakini sitakudanganya, Ndugu Mkurugenzi: jina halikutajwa, na hata leo ningeirudisha.