Faida ya Sukari

Mtaani walimwita Sukari, na waliomwonja walibaki na meno mabovu. Kazi yake ilikuwa kuuza viwanja. Hakuwa na viwanja. Alikuwa na ramani yenye rangi nzuri, na hiyo ilitosha. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga shamba. Akakanyage nini, na mali yenyewe ni hewa?

Siku moja yuko kwa kinyozi, shavu moja limeshanyolewa, akasikia kilio duka la jirani. Fundi cherehani, mjane aitwaye Bi Mkasi, alikuwa akimlilia mteja: shamba walilonunua na marehemu kwa bei ya kutupa anataka kulikata viwanja auze, lakini kodi ya mapato itamtafuna faida mpaka mifupa.

Sukari hakusubiri shavu la pili.

“Shikamoo, mama yangu.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umenyolewa nusu?”

“Huruma, mama. Nimeshindwa kukaa.” Akavuta kigoda. “Sikiliza. Kodi haili ardhi, inakula faida. Niuzie mimi kwa bei ileile mliyonunulia. Faida iko wapi? Hakuna! Basi kodi itakula upepo. Mimi nakata viwanja, nauza kwa bei ya leo, nakuletea chako hapahapa.”

“Na wewe haitakula?”

“Mimi nina dawa yake.”

Dawa yenyewe ilikuwa kutoweka na fedha zote, lakini si kila dawa huelezwa mgonjwa.

Bi Mkasi akajifuta machozi kwa kipande cha bitana. “Mungu akupe watoto, baba. Ila wakili wangu mkaidi: asipoona fedha, hagongi muhuri.”

Sukari akauza gari, akauza makochi, akabakiza godoro. Kila alichochuma kwa jasho la watu wengine akakimwaga mezani kwa wakili. Muhuri ukagongwa. Kwa mara ya kwanza maishani akawa na ardhi ya kweli, na njia nzima aliipapasa ile hati kama kichwa cha mtoto mchanga.

Kesho yake akaenda kuliona shamba lake. Shamba halikuwapo. Palikuwa na mtaa: nyumba, mabomba, kuku, nepi zimeanikwa.

“Wewe ndiye mwenye hati?” mwashi akauliza kutoka juu ya ukuta. “Jamani, tokeni! Amefika!”

Wakamiminika, mkono huu mkataba, mkono ule jembe. Bi Mkasi alishawauzia viwanja vyote mwaka juzi kwa bei nono, akala, na wiki hii akawaambia hati watagawiwa na mmiliki mpya, kijana mwema sana.

“Mimi sikuwauzia!” Sukari akafoka.

“Sisi tumelipa, kaka,” akasema mama mmoja, mtoto mgongoni, bila hasira. “Wanetu wanalala hapa. Tugawie tu.”

Sukari akayatazama majembe. Akasema atagawa.

Lakini hati haigawanywi bila kupita ofisi ya kodi. Afisa akasoma mikataba, ambayo yote ilimtaja muuzaji kama ‘mwenye hati’ tu, akapiga hesabu, akatabasamu.

“Umenunua rahisi, viwanja vimekwenda ghali. Faida nzuri sana hii, bwana. Kodi yake nayo ni nzuri.”

“Sijaiona hata senti! Mkamateni Bi Mkasi!”

“Yule mama? Kauza kwa bei aliyonunulia, faida hana. Kaja mwenyewe kutuaga, kahamia kwa binti yake ng’ambo.”

Machozi yakamtoka Sukari, ya kweli, yasiyo na mpango wowote nyuma yake.

Afisa akamsogezea kiti. “Pole, mzee. Matajiri wote hulia hapo hapo.”