Waziri na Mlango wa Nalotuesha

Jumatatu, 2 Juni. Kitengela.
Nimepata mpango! Nampenda jirani yangu Nalotuesha tangu mvua za Aprili, na sina sababu ya kubisha kwake. Mimi mgane, yeye mjane, watu watasema. Lakini mtu akifuata mbuzi wake, nani atamsema? Redioni wamesema mnyama hufundishika hatua kwa hatua, akituzwa kila akipatia. Beberu wangu Waziri atasukuma lango, atavuka njia, atagonga mlango kwa pembe. Nitamfuata nikiomba radhi. Tuzo: magadi ya kulamba.

Jumatano, 4 Juni.
Waziri amelijua lango. Lango tu. Analisukuma, anarudi kudai magadi, analisukuma tena. Kutwa nzima! Lemein, mfugaji wa jirani, amepita akimpelekea Nalotuesha maziwa ya ng'ombe wake, akaniuliza lango langu limemkosea nini mbuzi. Mwenye maziwa hahitaji mbuzi wa kumfikisha mlangoni. Nimeumia.

Ijumaa, 6 Juni.
Kumbe hatua ya mwisho hufundishwa kwanza! Nalotuesha alipokwenda sokoni Kajiado, nilisugua magadi chini ya mlango wake, nikamlambisha Waziri hapo hapo. Jioni aligonga kijiko kwenye sufuria, kama kawaida yake chai ikiiva, na Waziri akaenda moja kwa moja. Akagonga! Nikafika nikihema. Nalotuesha hakuniuliza kitu. Kwao mgeni haulizwi shida kabla ya chai. Akanipa chai ya maziwa (ya Lemein, lakini tamu) na chapati. Nilifurahi hadi nikasahau hotuba yangu yote. Nikasahau na mbuzi.

Jumapili, 8 Juni.
Nalotuesha mwenyewe amemrudisha Waziri baada ya kanisa. Akaniambia polepole, "Baba Waceke, huyu mbuzi umemsumbua ya kutosha. Kama ni chai, si ukuje tu."
Amegundua? Haiwezekani. Nadhani anamhurumia mbuzi.

Jumanne, 10 Juni.
Aibu. Waziri amegoma. Amelala kivulini, hata magadi hataki. Saa kumi nikasikia kijiko kwenye sufuria. Nikainuka, nikasukuma lango, nikavuka njia, nikabisha. Vikombe viwili vilikuwa tayari mezani. Nikamlalamikia kwamba mnyama yule ni mzito, hafundishiki hata kwa dawa. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniongezea chapati.
"Pole," akasema. "Kesho akikataa tena, ukuje uniambie."
Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu nifiwe. Kesho asubuhi naanza upya na Waziri, pale langoni.