Kiti Kitupu cha Tume ya Mbio za Farasi

Jumatatu, 3 Machi
Mzee Pruett amestaafu kutoka Tume ya Mbio za Farasi ya jimbo. Kiti kiko wazi! Gavana huteua, Seneti huthibitisha, na safari hii ni zamu ya wilaya yetu. Nani mwingine kama si mimi? Labda Verlin Stuckey, muuza chakula cha mifugo. Tayari amenyoa ndevu.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma sheria jikoni, kwa sauti. Mjumbe haruhusiwi kumiliki farasi wa mashindano. Wala mume au mke wake. Balaa! Mimi ninaye Rosalinda, niliyemlea kwa chupa, ambaye hajawahi kumpita hata ng'ombe. Mke wangu Marvella, akikunja nguo, aliuliza kama lazima mjumbe awe mwanamume. Nikamwambia hapana. Akasema haya, endelea kusoma.

Ijumaa, 7 Machi
Wazo! Kesho Verlin anatimiza miaka sitini. Nitamzawadia Rosalinda. Mimi nitakuwa safi kisheria, yeye atachafuka.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi wa kanisa. Nilimkabidhi Rosalinda mlangoni, utepe shingoni, mbele ya watu wote ili asiweze kukataa. Verlin alilia. Aliniita ndugu yake, kisha akaniuliza kama daktari ameniambia jambo baya. Nilikula pai ya tufaha vipande vitatu.

Jumamosi, 22 Machi
Rosalinda ameshinda! Kawaacha wenzake nyuma kabisa. Verlin alimbusu puani, akanipigia kelele kuwa tume nichukue mimi, yeye haitaki tena. Rosalinda hakunitazama. Si kitu. Kiti ni changu.

Alhamisi, 27 Machi
Gavana ameteua mtu wa nyumba hii. Si mimi. Ni Marvella! Aliomba Jumatatu ile baada ya sherehe ya Verlin. Gavana amefurahi kwamba nyumbani kwa Marvella hakuna farasi. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akajibu, "Ningekuambia saa ngapi, baba, na wewe hunyamazi?" Kisha akanikataza kucheza kamari ya farasi, asije akaaibika mbele ya Seneti.

Jumatatu, 31 Machi
Tume ya Uvuvi ina nafasi! Verlin anaitamani. Sheria inakataza wenye mabwawa ya samaki, naye hana. Bado. Nimemsomea shemeji yangu Lorene sheria yote wakati wa chakula. Msikivu ajabu; aliomba hata kalamu. Kesho mapema naenda uani kwa Verlin. Koleo la kuchimbia nimeshanunua.