Mlango wa Siri Jukwaani

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri amekipenda kitabu changu! Hasa pale shujaa anapozama chini ya jukwaa la ukumbi wetu wa kale wa maigizo na kuwaacha askari wa gavana wameduwaa. Anakuja Ijumaa kuuona huo mlango wa siri kwa macho yake. Ukiwepo, kitabu kinachapishwa. Nilishamwambia upo. Haupo.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa historia na mjuaji kupindukia, katangaza mezani kwamba jukwaa lile halijawahi kuwa na mlango. Eti bora niandike mapenzi. Mke wangu akacheka. Imeniuma.
Baba mkwe ndiye mtunzaji wa ukumbi. Mbao za jukwaa anazisugua kwa mkono wake mwenyewe. Nimemwomba funguo, nikadai nataka kusikiliza mwangwi. Kanipa, akasisitiza nivue viatu.

Jumatano, 5 Machi
Nimevua viatu. Nimekata. Msumeno ulipiga kelele hadi nikalazimika kuimba. Mbao zilipofunguka nikachungulia: zege tupu, kina cha goti. Na shujaa wangu ni pande la mtu! Nimerudisha kifuniko mbiombio. Mhariri atauona mlango. Kuhusu kuufungua, nitasema ni hatari.

Alhamisi, 6 Machi
Kingo nilizokata zimekaa kama meno ya bandia. Nimezipaka chai iliyobaki kwenye birika, zikazeeka vizuri kabisa. Usingizi hata hivyo sina. Nikifumba macho namwona baba mkwe akisugua.

Ijumaa, 7 Machi
Ile chai ilikuwa na sukari.
Tuliingia mhariri, baba mkwe, mimi, na shemeji aliyejialika. Katikati ya jukwaa sisimizi walikuwa wamejipanga mraba mweusi, pembe zimenyooka. Mhariri akauliza ni nini. Nikajibu ni wadudu wa kihistoria. Baba mkwe akaja na ufagio, akakanyaga, kifuniko kikapinduka, mguu ukazama hadi gotini. Alizitazama tu mbao zake, nami nikatamani shimo lingekuwa refu nitumbukie mimi. Mhariri akainama, akagonga zege kwa kidole, akauliza kwa upole shujaa alitorokea wapi. Shemeji akasema hata yeye angependa kujua.

Jumamosi, 8 Machi
Goti la baba mkwe limevimba. Mke wangu kanituma nikaombe radhi. Nimeomba, machozi ya kweli yakanitoka. Mzee kasema yaishe, ila jukwaani nisikanyage tena. Nimeapa, na kiapo changu nitakitunza.
Mhariri naye kaniruhusu niirekebishe ile sura. Nimeshairekebisha: shujaa anatorokea kwenye tundu la darini. Shemeji anashikilia kwamba dari ile haina tundu. Kwa leo, ni kweli. Funguo zilikuwa zimening'inia kando ya kitanda cha mzee, naye alikuwa ameanza kusinzia.
Safari hii chai sitatia sukari.